Mhusika Mkuu ni Nani: Aliyetafuta Fedha au Aliyeficha Habari ya Ufunguo?

Jumamosi moja huko Sinza, Dar es Salaam, tulibishana kwa saa mbili nzima juu ya mswada wa filamu. Tulikuwa watu wanane, wengi wao vijana wanaoandikia tamthilia za televisheni, na mimi mhariri wao. Swali lililotukwamisha lilikuwa la darasani kabisa: mhusika mkuu ni nani? Nusu wakasema ni Bi Mwanahawa. Nusu wakasema ni Idi, mwanawe. Kila upande ulifunua kurasa ukaonyesha ushahidi, na ushahidi wote ulikuwa wa kweli. Jua lilikuwa limeshapinda nilipoona kinachotuchosha: neno "mhusika mkuu" tulikuwa tumelitwisha mizigo ya watu wawili.

Kisa chenyewe ni hiki, na mwandishi wake ameniruhusu kukitumia. Wanawake wakaanga samaki wa soko la Feri wana kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, kama ilivyo kwa vikoba vingi, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Wiki tatu kabla ya siku ya mgao sanduku linakutwa limefungwa vizuri kabisa, ndani hamna kitu. Bi Mwanahawa, mwenyekiti, anaapa kwamba fedha zitapatikana kabla ya mgao. Mzee Kondo, dalali wa mnadani, anataka jambo hilo life kimya kimya, maana kikundi kikisambaratika sehemu zao za kukaangia zitabaki wazi na yeye anao watu wa kuwaweka. Mama Sele, shoga yake mwenyekiti, anashauri waende kwa wakopeshaji wa riba kubwa, hao wa kausha damu, wazibe pengo, mgao upite, aibu iishe. Idi anaendesha bajaji upande wa Kigamboni. Shangazi yake, mmoja wa washika funguo, alikwenda msibani Kilwa akamwachia ufunguo wake. Idi akausahau usiku kucha ndani ya bajaji. Asubuhi aliukuta pale pale, lakini hajamwambia mtu. Na yuko Tatu, mdogo kuliko wote kikundini, ambaye katika kikao cha kwanza anasimama bila kuulizwa na kusema mbele ya wenzake kwamba ana deni na hana cha kulilipia.

Kati ya nadharia za umbo la hadithi nilizosoma, inayozitenga istilahi zake kwa ukali zaidi ni Dramatica. Ilibuniwa Marekani na Melanie Anne Phillips pamoja na Chris Huntley, na mwaka 1994 ikatoka programu yake ya kompyuta kwa ajili ya waandishi. Msingi wake ni dai moja la kushangaza: hadithi iliyokamilika ni mfano wa akili moja inayohangaika na tatizo. Wahusika, matukio na mandhari ni njia ya kuitoa akili hiyo nje, tuione ikifanya kazi. Unaweza kulikataa dai hilo. Mimi mwenyewe silikubali kwa kila hadithi. Ngano nyingi nilizosimuliwa na bibi yangu hazikai humo. Lakini ukilishika angalau kwa muda, istilahi zake zinaanza kueleweka, kwa kuwa kila moja inataja kazi inayofanyika ndani ya akili hiyo. Mtu anayeifanya kazi hiyo ni suala jingine.

Nadharia inasema akili hulitazama tatizo kutoka pande nne, na pande hizo inazieleza kwa viwakilishi: wao, mimi, wewe, sisi. Hapa Kiswahili kimetupendelea. Viwakilishi hivyo tunavipanga kwa nafsi, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na neno hilo hilo tunalitumia kwa kilichomo ndani ya mtu, tunaposema nafsi yake inamsuta. Kwa hiyo mwandishi anayefikiri kwa Kiswahili hana haja ya kukariri. Ajiulize tu kila sehemu ya hadithi inasemwa kwa nafsi ipi.

Upande wa wao ni kulitazama soko zima kama mtu aliyesimama juu ya pantoni linapokaribia gati: wanawake, madalali, wavuvi, wote wameguswa na fedha zilizopotea, na tunachotazama ni nani anafanya nini. Upande wa mimi ni kuwa ndani ya Idi, kuusikia ufunguo ukigonga paja kila bajaji inapopita kwenye shimo. Upande wa wewe ni Tatu kama Idi anavyomwona. Hatuingii ndani yake, tunamtazama tu tukishangaa anawezaje kuishi hivyo. Upande wa sisi ni kilichopo kati ya Idi na Tatu: yeye humpandisha bure, Tatu humfungia samaki kwenye gazeti, na hakuna aliyewahi kukipa kitu hicho jina. Pande hizi nne ni nyuzi nne, na hadithi ndefu ikikosa mmoja watazamaji huhisi kuna kitu kimepungua hata kama hawawezi kukitaja.

Sasa ugomvi wa Sinza unajibika. Bi Mwanahawa yumo katika uzi wa wao, na kazi yake humo ni kulifukuzia lengo la wote. Idi ndiye mwenye uzi wa mimi. Nadharia ina majina mawili tofauti kwa watu hawa wawili, ila sisi tuliosoma uhakiki wa fasihi sekondari tulipewa moja: mhusika mkuu ni yule anayeonekana tangu mwanzo hadi mwisho na kubeba dhamira kuu. Kwa kuhakiki kitabu kilichokwisha kuandikwa, maelezo hayo yanatosha. Kwa anayeandika hayatoshi, kwa sababu hayamwambii kamera ikae begani kwa nani. Pale mezani tumekubaliana kumwita wa kwanza, yaani protagonisti, mfukuzia lengo na wa pili mwenye nafsi. Kama kazi zote mbili zinafanywa na mtu mmoja, Dramatica humwita shujaa, na hapo shujaa haimaanishi jasiri hata kidogo. Anaweza kuwa mwoga wa kupindukia.

Neno la Kigiriki lililozaa "protagonisti" lilimtaja mwigizaji wa kwanza jukwaani, katika zama ambazo waigizaji wenye maneno ya kusema katika tanzia hawakuzidi watatu na mmoja aliweza kuvaa barakoa za wahusika kadhaa. Yaani hapo mwanzo halikumtaja mhusika wa hadithi. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani maana ya istilahi ilishuka kutoka juu na haigusiki. Kila kizazi cha wananadharia hukaa, hukubaliana na huendelea na kazi. Vladimir Propp alipozichambua ngano za Kirusi mwaka 1928, naye aliwapanga wahusika kwa kazi wanazozifanya katika hadithi, akaonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kushika kazi mbili na kazi moja ikagawanywa kwa watu wawili.

Je, tofauti hii ina faida gani kwa mswada wetu? Mwandishi alikuwa ameweka, katikati kabisa, tukio refu la Bi Mwanahawa akiwa peke yake usiku, analia, anakumbuka utoto wake Mafia. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Lakini kila aliyesoma alisema kuanzia hapo Idi alimpotea. Kwa dakika sita tulikuwa tumempa nafsi ya mimi mtu ambaye si yake, na tulipomrudia Idi tulimkuta mgeni. Tukio halikufutwa. Sasa Bi Mwanahawa bado analia, ila tunamsikia kupitia ukuta wa chumba ambamo Idi amelala macho, na kilio kile kimekuwa kizito mara mbili.

Upande wa upinzani ndipo istilahi zinapochanganywa zaidi. Ukimwuliza mtu mpinzani wa Idi ni nani, atajibu Mzee Kondo. Lakini Kondo hamjui Idi ila kama kijana wa bajaji. Anachokipinga ni lengo la wote: hataki fedha zitafutwe. Yeye ni mzuiaji, na jozi yake ni Bi Mwanahawa. Anayemsumbua Idi ni Tatu, ambaye hapingani na mtu yeyote na anazitaka fedha zile kama wanawake wengine. Kumsumbua kwake ni kuishi tu jinsi anavyoishi. Idi ameamini maisha yake yote kwamba aibu hufunikwa. Kila siku anamwona binti aliyeifunua yake mchana kweupe, na bado anakaanga samaki na kucheka na wateja.

Waasisi wa nadharia walimwita mtu wa aina hii mhusika kikwazo. Baadaye wakabadili, wakamwita mhusika mwenye kushawishi, kwa kuwa wasomaji wakisikia kikwazo walimtafuta adui. Naona walifanya vyema, ila kwetu "mshawishi" lina harufu ya kishawishi, na msikilizaji anaweza kudhani Tatu anamvuta Idi kwenye uovu. Mimi namwita mtikisaji. Anayevuta kwenye njia mbaya yupo, naye ana istilahi yake, ambayo Dramatica ililazimika kuiunda kwa kuwa haikuwepo: kontagonisti. Kazi yake ni kutia tamaa na kukwaza. Mama Sele ndiye huyo. Tofauti yake na Kondo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kondo anataka juhudi zishindwe. Mama Sele anawapenda wenzake kwa dhati, na njia anayowaonyesha ni rahisi kwa leo, lakini itawatoa kwenye kutafuta fedha na kuwatia mikononi mwa watu watakaobeba masufuria yao. Mwandishi alikuwa amemfanya Mama Sele mbaya wa wazi, anayekutana na Kondo kwa siri. Tulipompa istilahi sahihi aliacha kuwa kibaraka wa Kondo, na mazungumzo yake na Bi Mwanahawa yakawa ya kuumiza, kwa sababu sasa anaongea rafiki.

Tatu na Idi wamefungwa na istilahi nyingine ninayoipenda kuliko zote: kubadilika na kukaza. Nadharia inasema kati ya mwenye nafsi na mtikisaji, mmoja mwishowe hubadilika na mwingine hukaza. Tumezoea kuwalaumu waandishi wachanga: "Mhusika wako habadiliki!" Lawama hiyo inachanganya kubadilika na kukua. Wote wawili hukua. Anayekaza hukua kwa kuota mizizi zaidi pale aliposimama, huku akipigwa na upepo. Kubadilika ni kuuacha mtazamo uliokuongoza na kushika mwingine. Ikiwa Idi atasema, Tatu amekaza. Lakini fikiria Idi akaze, anyamaze hadi mwisho: basi Tatu ndiye wa kubadilika, na tutamwona binti aliyekuwa akisema ukweli akijifunza kuficha. Ni filamu nyingine kabisa, ya kutisha, na imo ndani ya wahusika wale wale.

Neno lililonitesa kuliko mengine ni muundo. Darasani tuliorodhesha muundo wa moja kwa moja, muundo rejea, muundo rukia, yote yakihusu mpangilio wa matukio yanavyosimuliwa. Mwananadharia wa Dramatica akisema muundo hamaanishi hivyo. Yeye huigawa safari ya hadithi katika hatua nne: kuunda, kuvisha, kusuka na kupokelewa. Kuunda ni kuamua kwamba lengo la wote ni kupata kilichopotea, kwamba kinachomkwamisha mwenye nafsi ni kuficha, kwamba atabadilika. Hapo bado hakuna samaki wala bajaji. Kuvisha ni kuyapa maamuzi hayo mwili: sanduku, kufuli tatu, Feri. Umbo hilo hilo ungeweza kulivisha vazi la ukoo wa Temeke unaotafuta hati ya nyumba ya marehemu. Kusuka ni kuamua mtazamaji aanze kuona nini: sanduku tupu au ufunguo ndani ya bajaji? Na kupokelewa ni kile kinachotokea hadithi inapofika kwa watu, kwani mtazamaji aliyewahi kubebewa vyombo na wakopeshaji ataliona tukio la kausha damu kwa macho asiyokuwa nayo mwenzake.

Kwa hiyo muundo rejea na muundo rukia, kwa kipimo hiki, ni habari za msuko. Na neno msuko tunalo, tena linajieleza: miyaa ile ile unaweza kuisuka ukili wa namna hii au ile. Wahakiki wa Kirusi wa miaka ya 1920 walitofautisha jambo linalokaribiana na hili walipotenga fabula, yaani matukio kwa mfuatano wa kutokea kwake, na mpangilio ambao msimulizi anatuletea. Wao walikata vipande viwili, Dramatica vinne, na mikato haiangukii mahali pamoja. Asikudanganye mtu kwamba istilahi hizi zinabadilishana moja kwa moja. Nimeona mwandishi akiambiwa na mwongozaji kwamba "muundo haujakaa", akarudi nyumbani akabomoa lengo la hadithi, tatizo la mhusika na mwisho wake. Kumbe mwongozaji alitaka turudi nyuma kwenye usiku wa ufunguo kurasa kumi mapema zaidi. Miezi miwili ya kazi ilikwenda hivyo.

"Kilele" nalo lina balaa la namna hiyo. Gustav Freytag, Mjerumani aliyeandika juu ya ufundi wa tamthilia mwaka 1863, alikiweka kilele katikati ya mchezo wa sehemu tano, pale mambo yanapogeuka na kuanza kuteremka. Watu wa filamu wakisema kilele humaanisha pambano la karibu na mwisho. Ukiambiwa usogeze kilele, uliza kwanza ni cha nani.

Migogoro nitaigusa kwa ufupi. Dramatica inasema chanzo cha mgogoro kina makao manne: hali mtu aliyomo, shughuli inayofanyika, msimamo uliokaza, na namna watu wanavyofikiri na kuchezeana fikra, kila uzi hukaa katika makao yake. Kwetu wao wamo katika shughuli ya kutafuta, Idi katika msimamo, Tatu katika hali yake ya udeni, na yale mambo kati yao wawili katika kuchezeana fikra. Jihadhari hapa na neno msimamo, kwani shuleni lilihusu mwandishi na upande anaoshikilia. Halafu matoleo ya mwanzo ya nadharia yaliyaita makao hayo Ulimwengu, Fizikia, Akili na Saikolojia, ndipo yakaja majina mepesi zaidi. Mwenye kitabu cha zamani na mwenye programu mpya wanaweza kugombana jioni nzima wakiwa wanasema kitu kimoja. Programu yenyewe huhesabu maumbo 32,768 yanayowezekana. Idadi hiyo huwavutia wengine, mimi hainisaidii kitu; kinachonifaa ni maswali yaliyofichwa ndani ya majina.

Mfano ni kikomo. Hadithi hubanwa ama na muda ama na njia: siku inakaribia, au milango ya kubisha inakwisha mmoja baada ya mwingine. Ya kwetu inabanwa na muda, yaani siku ya mgao, na mtazamaji ameahidiwa hivyo tangu dakika za mwanzo. Ukurasa wa 70 Bi Mwanahawa alikuwa anawaomba wenzake wasogeze mgao kwa wiki moja, nao wanakubali. Kila msomaji alisema kuanzia hapo mswada ulilegea, na hakuna aliyejua kwa nini. Ahadi ya kikomo ilikuwa imevunjwa. Sasa wanakataa, tena kwa sauti, na anayeongoza kukataa ni shangazi yake Idi aliyerudi kutoka Kilwa.

Lililobaki lilikuwa mwisho, na huko zipo istilahi mbili zinazotamkwa pamoja kama pacha: matokeo na hukumu. Matokeo yanauliza kama lengo la wote limefikiwa. Hukumu inauliza kama mwenye nafsi ametua mzigo wake. Majibu yanaweza kupishana, na hivyo miisho huwa minne. Katika rasimu ya kwanza fedha zilipatikana, wanawake wakapiga vigelegele, na Idi hakusema neno. Mwandishi aliuita mwisho wa furaha. Tulipouliza maswali mawili badala ya moja, aliona mwenyewe kwamba matokeo ni mema na hukumu ni mbaya: soko zima linacheza, na kijana mmoja amesimama pembeni ameukamata ufunguo mfukoni. Mwisho huo una nguvu zake, na wawili kati yetu bado wanautetea.

Yeye amechagua kinyume chake. Siku ya mgao imefika, fedha hazikuonekana, wanawake wamekaa mkekani kulizunguka sanduku tupu. Mzee Kondo yuko mbali kidogo, anahesabu sehemu za kukaangia kwa macho. Idi anapita katikati yao, anamwamkia shangazi yake, kisha anasema yote, tangu usiku ule wa bajaji. Tatu hainui uso. Anaendelea kupanga samaki kwenye sinia. Bi Mwanahawa anakaa kimya kwa muda mrefu, halafu anamwuliza mwanawe ufunguo uko wapi. Idi anautoa mfukoni na kuuweka juu ya sanduku.